SAFARI YA MJINI: ANZENI NA MAJI NA CHOO

Kila mwaka shule zetu za Kilosa na Mikumi hupanga kuwapeleka watoto mjini kwa siku moja. Watoto wanataka kuona bahari, meli na maghorofa. Jambo hili ni jema. Mtoto aliyeiona bandari kwa macho yake haisahau kama anavyosahau ile aliyosomewa kitabuni.

Lakini safari hiyo ina upande wa afya, na upande huo mara nyingi tunauacha hadi dakika ya mwisho. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Leo nataka kukueleza jinsi ya kupanga safari ya namna hiyo. Nitaanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki.

Chupa iliyorudi imejaa

Mwezi mmoja wa Agosti niliombwa nifuatane na watoto wa darasa la sita kwenda Dar es Salaam. Shule yenyewe iko upande wetu, kati ya Kilosa na Mikumi. Tuliondoka usiku bado. Mlangoni mwa basi mwalimu mmoja aliwaambia watoto: "Msinywe maji ovyo. Basi halitasimama kila mara kwa ajili ya mikojo."

Watoto walicheka. Na mimi, mganga, nilinyamaza. Niliona ni sawa, maana njia ni ndefu na muda ni mfupi.

Wakati wa kurudi, tulipokuwa tumeipita Chalinze, mtoto mmoja wa kiume alianza kulia. Alishika miguu na kiuno. Wenzake walisema amechoka. Tulipokaribia Mikese alikuwa akipiga kelele kwa maumivu. Nilimgusa, nikaona midomo imekauka. Nilimuuliza: "Leo umekunywa maji?" Akanionyesha chupa yake. Ilikuwa imejaa hadi shingoni, kama mama yake alivyomjazia alfajiri. Mtoto yule alikuwa mtiifu. Aliambiwa asinywe, hakunywa.

Tulimkimbiza hospitali mjini Morogoro. Alitundikiwa maji, akapewa dawa za maumivu, akalazwa siku tatu. Hapo ndipo bibi yake alipotuambia kwamba tangu utotoni mtoto huyo ana ugonjwa wa selimundu. Nyumbani wote walijua. Shuleni hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile, nikiulizwa namna ya kupanga safari, jibu langu ni moja: anzeni na maji na choo. Bahari haitahama.

Selimundu ni nini?

Jina lenyewe linaeleza. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, nazo hupita kwa urahisi katika mishipa midogo. Kwa mwenye ugonjwa huu chembe hizo hujikunja, zikawa na umbo la mundu. Mwili ukipungukiwa maji, ukipigwa na baridi, ukichoka sana au ukipata homa, chembe nyingi zaidi hujikunja, zikakwama na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, mgongo au kifua hutokea.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hauambukizwi, wala si uchawi. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Kwa hiyo usidhani kwamba darasani mwenu hayumo hata mmoja.

Mtoto wa selimundu anaweza kusafiri. Anachohitaji ni maji mara kwa mara, sweta la alfajiri, kupumzika, na mtu mzima anayejua hali yake.

Fanyeni hesabu ya siku

Kabla ya kukusanya michango, fanyeni hesabu ya saa. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni kilometa 300 hivi. Kutoka Kilosa kwa kupitia Dumila na Morogoro ni zaidi ya kilometa 300. Basi haliruhusiwi kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na penye makazi ya watu ni kilometa 50. Ukiongeza mapumziko na msongamano wa magari kuanzia Kibaha, safari ni ya saa 6.

Mkiondoka saa 10 alfajiri, mtafika saa 4 asubuhi. Mkitoka mjini saa 9 alasiri, mtafika nyumbani saa 3 usiku. Saa zilizobaki mjini ni 5 tu, na ndani yake kuna kula, kwenda chooni na kuvuka barabara. Kwa hiyo chagueni mahali pawili, tena palipo karibu.

Kwa mfano, Makumbusho ya Taifa yako mtaa wa Shaaban Robert. Huko ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililovumbuliwa Olduvai mwaka 1959. Kutoka hapo si mbali na kivuko cha Magogoni, ambapo watoto wataona bandari na meli. Hapo pawili panatosha. Mkiongeza Makumbusho ya Kijiji yaliyoko Kijitonyama, uwanja wa ndege na Kariakoo, watoto watakuwa wanaukimbilia mji badala ya kuuona.

Ipo njia nyingine. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Kilosa ina stesheni yake katika reli hiyo. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni mwendo wa saa 2 hivi, na ndani ya treni kuna vyoo. Mtu aende stesheni mapema akaulize ni treni ipi husimama Kilosa, inarudi saa ngapi, na nauli ya watoto ni kiasi gani. Walio karibu na Kilosa wakumbuke pia kwamba Dodoma nayo ni jiji tangu mwaka 2018. Mji mkubwa si mmoja.

Chagueni pia majira. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haifai. Sisi wa Kilosa tunaujua mto Mkondoa unapofurika. Na huko Dar es Salaam, mto Msimbazi ukijaa, barabara ya Jangwani hufungwa. Miezi ya Julai hadi Septemba ni mikavu na joto lake ni la wastani.

Orodha ya afya

Wiki tatu kabla ya safari, mwalimu awape wazazi barua yenye maswali machache. Mtoto ana ugonjwa wowote wa kudumu? Anatumia dawa gani, na saa ngapi? Kuna dawa au chakula kinachomdhuru? Hutapika akipanda gari? Mzazi apigiwe simu namba gani?

Mzazi asiyejua kuandika aje shuleni aseme kwa mdomo. Majibu yawekwe na mwalimu mmoja tu, tena yafungiwe. Yasisomwe mbele ya darasa. Wako watoto wanaotumia dawa za kila siku ambazo hawataki wenzao wazijue, na wana haki hiyo. Mwalimu huyo awape dawa zao kwa saa yake, faraghani.

Ndugu mzazi, usifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kumtaja mtoto si kumzuia asisafiri. Ni kumpa nafasi ya kurudi salama.

Zaidi ya selimundu, yako magonjwa mengine mawili ya kuangalia sana:

Pumu. Mtoto abebe dawa yake ya kuvuta, aiweke mfukoni mwake. Isiwekwe kwenye buti la basi. Akae mbali na moshi na vumbi.

Kifafa. Mtoto asiruke dozi hata moja, na usiku wa kuamkia safari alale mapema, kwa sababu kukosa usingizi huweza kuleta degedege. Likimpata, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu, na hesabuni dakika. Msimtie kijiko mdomoni. Msimkandamize. Mate yake hayaambukizi kifafa, kwa hiyo msimkimbie. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Maji na choo

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kwa siku nzima ya safari kila mtoto atengewe si chini ya lita 1 na nusu ya maji ya kunywa. Darasa la watoto 40 linahitaji lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Chemsheni maji siku moja kabla. Yakitokota, yaacheni yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yamimineni katika madumu yaliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mimea lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watasema kwamba hayo ya kuchemsha maji waliyasikia redioni zamani. Ni kweli. Na bado ni kweli leo.

Kila mtoto awe na chupa yake. Mwalimu awakumbushe kunywa mafunda machache kila baada ya nusu saa. Wafundisheni kutazama mkojo wao. Ukiwa mweupe au wa njano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mtoto anahitaji maji upesi.

Anayekunywa hana budi kukojoa. Kwa hiyo vituo vipangwe kabla ya safari, na dereva aambiwe. Kusimama kila baada ya saa 2 kunatosha. Wa Mikumi waende chooni mjini Mikumi kabla ya kuondoka, maana barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa kwa kilometa 50 hivi, na humo hakuna kushuka garini. Tembo na simba hawajui kuwa ninyi ni wageni. Baada ya hapo vituo viwe Morogoro, Chalinze na Kibaha.

Vyoo vingi vya stendi hulipiwa. Wekeni fedha ndogondogo za kazi hiyo tu. Bebeni sabuni na dumu moja la maji ya kunawa. Wasichana waende wawiliwawili pamoja na mwalimu wa kike, naye awe na pedi za akiba. Wako wasichana wanaojinyima maji kwa kuona haya kuomba basi lisimame. Mwalimu wa kike aseme nao mapema.

Chakula cha njiani

Wali na nyama vilivyopikwa usiku na kufungwa katika ndoo hadi saa 6 mchana ni hatari. Vijidudu huongezeka humo hata kama chakula hakijanuka. Bebeni vyakula vinavyovumilia: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, chapati kavu, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi na machungwa. Mkitaka chakula cha moto, nunueni mahali safi ambapo kinapakuliwa kikiwa bado kinatoa mvuke.

Mtoto asinunue matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi, wala barafu za barabarani. Kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Kuhusu kutapika: anayesumbuliwa na gari akae mbele, atazame mbali mbele na asisome. Asisafiri na njaa, wala asishibe sana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo wekeni makopo yenye mifuniko, na majivu kidogo ndani yake. Dawa za kuzuia kutapika msiwape watoto kabla ya kuuliza zahanati.

Sanduku la dawa

Sanduku dogo linatosha. Liwe na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya maumivu iliyoandikwa kiasi chake na zahanati, pamba, bandeji, plasta, glavu, sabuni, mkasi na tochi.

Pakiti zikiisha na mtoto anaharisha, tengenezeni hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga, mpe kidogokidogo. Usizidishe chumvi.

Andikeni pia mahali pa msaada: hospitali ya Mtakatifu Kizito iliyoko Mikumi, hospitali ya mkoa Morogoro, hospitali ya Tumbi iliyoko Kibaha, na mjini Dar es Salaam hospitali za Amana, Mwananyamala na Temeke. Mtoto mwenye maumivu ya kifua, anayepumua kwa shida, mwenye homa kali, au anayelegea upande mmoja wa mwili, asisubiri safari iishe.

Mkifika mjini

Gawanyeni watoto katika vikundi vya 10, kila kikundi na mtu mzima mmoja. Wahesabiwe kila wanaposhuka na kila wanapopanda. Hesabu ifanywe kwa kuita majina, si kwa kutazama vichwa.

Kila mtoto awe na kikaratasi mfukoni chenye jina la shule na namba za simu za walimu wawili. Wafundisheni neno moja: ukipotea, simama hapohapo, usitembee. Kisha umwombe msaada askari, au mama mwenye watoto. Namba ya polisi ni 112, na namba ya huduma kwa watoto ni 116. Zote mbili walimu wazijue kwa kichwa.

Watoto wetu wamezoea barabara yenye pikipiki na ng'ombe. Dar es Salaam ina njia za mabasi ya mwendokasi, nayo huja upesi. Wavuke kwenye alama za wavukao, wakishikana mikono, wakitazama pande zote mbili. Ufukweni ni kutazama tu. Hakuna kuogelea.

Dereva naye ni mwili

Jambo la mwisho ni dereva. Mtu aliyeamka saa 8 usiku na kuendesha saa 6, kisha akaendesha tena saa 6, amechoka. Kodini basi lenye madereva wawili. Kama yupo mmoja, alale kivulini wakati ninyi mko Makumbusho. Kabla ya safari, ombeni askari wa usalama barabarani alikague gari. Na kama hesabu inaonyesha mtarudi usiku wa manane, punguzeni mahali pa kutembelea au nendeni kwa treni. Haraka haraka haina baraka.

Mkisharudi, mtoto atakayeharisha au kupata homa katika siku zinazofuata aletwe zahanati, nasi tuambiwe kwamba alisafiri.

Ndugu msomaji, mwaka uliofuata yule mtoto wa selimundu alisafiri tena na shule yake. Safari hiyo jina lake lilikuwa katika orodha, na sweta lilikuwa mwilini. Basi lilisimama mara tatu kwenda na mara tatu kurudi. Walichelewa nusu saa. Aliporudi alipita zahanati kunisimulia juu ya meli, jinsi ilivyo ndefu kuliko shule yao yote. Nilimwomba chupa yake niitazame. Ilikuwa tupu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu

1. Je, shule ya kijiji chenu inajua ni watoto gani wana ugonjwa wa kudumu? Nani anaitunza orodha hiyo?

2. Kwa nini wazazi wengine huficha ugonjwa wa mtoto? Sisi wanakijiji tunaweza kufanya nini ili wasiogope kusema?

3. Kama watoto 35 wanasafiri kwa siku moja, watahitaji madumu mangapi ya lita 20 ya maji ya kunywa?

4. Taja vyakula vitatu vya kijijini kwenu vinavyofaa kubebwa safarini bila kuharibika.